Sauti ya Nne

Tunaposifu kundi la waimbaji, aghalabu tunamsifu aliyesimama mbele. Ndiye mwenye maneno ya wimbo, ndiye anayepigwa picha ya karibu, na ndiye ambaye jina lake hubaki kichwani mwa msikilizaji hata baada ya wimbo wenyewe kusahaulika. Wenzake wanaomwitikia nyuma tunawachukulia kama pazia la jukwaani: likiwapo ni zuri, lisipokuwapo mchezo utaendelea. Katika makala haya nakusudia kuutetea upande huo wa nyuma. Nasema kwamba kundi linaloimba kwa sauti zilizooana lipimwe kwa yule anayesikika kidogo kuliko wote, yaani mwenye sauti nzito ya chini, ambaye katika kwaya zetu huitwa sauti ya nne. Kipimo hicho nitakitumia kuupima muziki wa Sauti Sol wa Nairobi, kundi ambalo kwa miaka kumi na minane lilikuwa mfano mkubwa wa vijana wa Afrika Mashariki wanaoimba kwa pamoja katika zama za muziki wa mashine.

Ni haki msomaji aulize kwa nini mtu wa Arusha ajishughulishe na kundi la Nairobi. Jibu la kwanza ni kwamba Namanga haiko mbali, na nyimbo hazigongewi mhuri mpakani. Jibu la pili ni kwamba mimi mwenyewe ni sauti ya nne. Nimesimama safu ya nyuma ya kwaya kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na kazi ya mahali pale naijua. Yanayotokea kwenye safu ile siku hizi, hapa kwetu Engutoto na katika mji mzima, ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu. Nitayafikia baadaye. Kwanza tuitazame asili ya jambo lenyewe.

Wamarekani wanao muziki wanaouita duwopu. Jina hilo halina maana yoyote. Limetokana na silabi ambazo waitikiaji walizitoa kinywani wakati mwenzao akiimba maneno. Muziki huo ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili katika miji kama Baltimore, Philadelphia na New York, miongoni mwa vijana weusi ambao wengi wao hawakuwa na fedha za kununulia hata gitaa. Waliimba kwenye pembe za mitaa, kwenye ngazi za majumba ya ghorofa na kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi, kwa kuwa kuta za mahali pale zilirudisha mwangwi na kuzinenepesha sauti zao. Mmoja alishika wimbo. Mmoja alipanda juu kabisa kwa sauti nyembamba kama ya mwanamke. Wawili walijaza katikati. Na mmoja alikaa chini, akitoa kwa mdomo wake mapigo ambayo katika bendi hutolewa na gitaa la besi.

Walikuwa na wa kuwaiga. Tangu miaka ya 1930 ndugu wa Mills Brothers walikuwa wakiiga tarumbeta na besi kwa midomo yao, na watu waliosikia santuri zao waliapa kwamba ala zilikuwapo. Mwaka 1948 wakatokea The Orioles wa Baltimore. Mwaka 1956 The Five Satins walirekodi wimbo wao mashuhuri katika chumba cha chini cha kanisa, mjini New Haven, na mwaka huohuo Frankie Lymon, mtoto wa miaka 13, akavuma Marekani nzima. Ukizisikiliza rekodi hizo leo, jambo la kwanza linalokushangaza ni uchache wa vitu vilivyomo. Jambo la pili ni kwamba hukosi kitu.

Wapo wanaozicheka zile silabi zisizo na maana. Mtu mzima, wanasema, anasimamaje mbele ya watu na kusema "du-wop, du-wop"? Lakini anayesema hivyo hajawahi kutwangia wimbo. Silabi ile ndiyo ngoma ya asiye na ngoma. Konsonanti yake ni kishindo cha fimbo kwenye ngozi, na vokali yake ni mlio unaobaki baada ya kishindo. Mwenye sauti ya chini akichagua "d" badala ya "b", wimbo mzima hubadilika mwendo, kama vile mpiga ngoma anapotumia kiganja badala ya ncha za vidole. Maneno yenye maana yangemzuia. Yangemlazimisha afuate urefu wa neno, wakati kazi yake ni kushika urefu wa pigo.

Na Afrika haikuwa mtazamaji tu katika habari hii. Tangu mwaka 1890 waimbaji weusi wa Marekani walioongozwa na Orpheus McAdoo walizunguka Afrika Kusini wakiimba kwa sauti nne, na Waafrika wa huko wakaupokea uimbaji ule na kuutia katika nyimbo zao. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Solomon Linda na wenzake walirekodi "Mbube". Katika wimbo ule wenye besi wanarudia jambo moja toka mwanzo hadi mwisho, kama watu wanaosukuma gari lililokwama, na juu yao Linda anapaa kwa sauti nyembamba apendavyo, kwa sababu anajua kwamba akishuka atawakuta palepale. Mwaka 1961 kundi la vijana wa Kizungu wa Brooklyn, The Tokens, waliuimba wimbo huohuo kwa mtindo wa duwopu na kwa maneno ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006. Nayataja haya kwa sababu mtu akiniambia kwamba uimbaji wa namna hii ni uigaji wa Wamarekani, nitamwuliza ni nani aliyemwiga nani.

Hapa kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru hatukungoja Johannesburg wala Baltimore. Waarusha na ndugu zao Wamaasai waliziimba nyimbo zao bila ngoma. Yuko olaranyani, yaani mtangulizi, ambaye hutupa mstari. Nao wenzake humjibu kwa mngurumo wa kooni, mzito, unaorudi na kurudi, na mngurumo huo ndio unaowarusha morani juu. Ukiuondoa, mrukaji hana pa kukanyaga. Kisha likaja kanisa na vitabu vyake vya nyimbo vya sauti nne: ya kwanza na ya pili kwa akina mama, ya tatu na ya nne kwa akina baba. Chuo cha Theolojia cha Makumira, hapa njia ya Usa River, kilikuwa mahali ambapo Howard Olson na wanafunzi wake waliyakusanya mapigo ya makabila ya Tanzania na kuyatia katika nyimbo za ibada. Mkusanyo wao ulitolewa pia kwa Kiingereza mwaka 1977, ukaimbwa mbali na hapa. Kwa hiyo mtoto anayekulia Arusha hukutana na sauti ya chini mara mbili, mara moja kwenye ngoma ya wazee na mara moja kanisani, kabla hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa gitaa la besi.

Sasa tuje kwa Sauti Sol. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walisoma shule moja, Upper Hill ya Nairobi, na huko waliimba katika kundi la nyimbo za injili lisilotumia ala. Baadaye wakampata Polycarp Otieno na gitaa lake. Kundi likaanza mwaka 2005, na jina lake lenyewe ni tangazo la nia: sauti, kwa Kiswahili, na "sol", ambalo kwa Kihispania ni jua. Hawakujiita kundi la duwopu, wala mimi siwabandiki jina hilo. Nasema tu kwamba walitoka katika shule ileile ya vijana wanne ambao kitu chao cha kwanza ni koo, na ala ni mgeni aliyekaribishwa baadaye.

Albamu yao ya kwanza, "Mwanzo" ya mwaka 2008, inadhihirisha hivyo. Ukiusikiliza wimbo kama "Lazizi" utaona kwamba gitaa limekaa kama mtu mwenye adabu sebuleni: linasema likiulizwa. Sauti zimekaa mbele, karibu, na unaweza kuzihesabu. Huyu yuko kulia, huyu ameshuka, huyu amengoja nusu pigo kisha akaingia. Wanakosea mahali, naam. Kuna penye ukakasi ambao fundi wa studio wa leo angeusawazisha kwa kubonyeza kitufe. Lakini ukakasi ule unakuthibitishia kwamba walikuwa wakisikilizana. Huwezi kumkaribia mwenzako kwa kiasi kile bila ya kumgusa bega mara mojamoja.

Ikaja "Sol Filosofia" mwaka 2011, kisha "Sura Yako" mwaka 2014. Wimbo huo ukawainua kupita mipaka. Mwaka huohuo MTV ya Ulaya iliwapa tuzo ya wasanii bora wa Afrika, na Julai 2015 Rais Barack Obama aliucheza pamoja nao Ikulu ya Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2015 wakatoa "Live and Die in Afrika". Hapa ndipo ninapoanza kuwa na maneno nao.

"Sura Yako" ni wimbo mzuri, wala simwelewi mtu asiyetikisa bega anapousikia. Lakini usikilize kwa sikio la sauti ya nne. Mdundo wa chini umekabidhiwa mashine. Sauti za wanne zimekusanywa kwenye kiitikio na kufungwa kama mzigo wa kuni: zinakwenda pamoja, zinapanda pamoja, zinashuka pamoja. Ni nene na tamu, lakini huwezi tena kuzihesabu. Hakuna anayefanya kazi ambayo mwenzake hafanyi. Zamani mmoja akinyamaza wimbo ungechechemea. Sasa mmoja akinyamaza hutatambua. Wanne wamekuwa mmoja mnene.

Nitatoa hoja za upande wa pili, kwa kuwa zina uzito. Muziki wa kucheza unahitaji ngoma, na ukumbi wa watu elfu kumi haujazwi na koo nne. Zaidi ya hayo, hawa walikuwa vijana wanaotafuta riziki. Walijisimamia wenyewe kwa sehemu kubwa ya safari yao, na katika nchi zetu msanii anayekula kwa jasho la sanaa yake bila kuinamia mtu ni jambo la kushangiliwa. Nani angewalaumu kwa kwenda sokoni na bidhaa inayonunuliwa? Mimi siwalaumu. Swali langu ni la kiufundi: ukishachanganya cha zamani na cha kisasa, utajuaje kama cha zamani bado kinafanya kazi, au kimebaki kuwa urembo, kama ngao ya Kimaasai iliyotundikwa kwenye ukuta wa hoteli?

Jibu langu ni jaribio rahisi ambalo kila msomaji anaweza kulifanya nyumbani. Zima ala zote kichwani mwako. Je, wimbo umesimama? Kama umesimama, basi sauti ndizo nguzo, na mashine ni rangi ya ukuta. Kama umeanguka, basi mashine ndiyo nguzo, na sauti ndizo rangi.

Sauti Sol wenyewe walitufanyia jaribio hilo, sijui kama kwa makusudi. "Kuliko Jana" umo katika albamu ya 2015 ukiwa na kinanda cha Aaron Rimbui. Mwaka 2016 wakautoa upya bila ala, wakiimba pamoja na kwaya ya RedFourth. Ukiweka rekodi hizo mbili ubavu kwa ubavu, ile isiyo na ala si ndogo kuliko nyingine. Ni kubwa zaidi. Maneno ya shukrani, ambayo kwa kinanda yalikuwa mazuri tu, yanapata kifua. Kila mwanya ambao ala zilikuwa zimeuziba unafunguliwa, na ndani yake unasikia pumzi za watu. Wenye sauti za chini wanaingia kama wapagazi, na ghafla unaelewa kwamba wimbo ule toka mwanzo ulitungwa na watu waliokulia katika kuimba bila ala. Kinanda kiliwekwa juu yake tu. Kwangu mimi hii ndiyo kilele cha kazi yao, juu ya tuzo na juu ya Ikulu.

Lakini tazama pia kilichofichika katika ushindi huo. Ili kuupata uzito wa chini, ilibidi wauazime. Waliwaita watu wa kwaya. Na miaka minne baadaye, katika "Midnight Train" ya 2020, albamu iliyong'arishwa kuliko zote zao, walipotaka tena wimbo wa kuinua mioyo waliwaita Soweto Gospel Choir katika "Brighter Days". Wimbo ule ni mkubwa, na kwaya ile haina mfano. Hata hivyo kwaya si kundi la wanne. Katika kwaya ya watu thelathini aliyechoka hupumzika nyuma ya mwenzake, na aliyekosea hafahamiki. Katika wanne hakuna pa kujificha. Ule ujasiri wa "Mwanzo", wa mtu mmoja kusimama peke yake chini ya wenzake watatu na kuwabeba, hauwezi kupatikana kwa kuongeza idadi ya watu. Katika albamu hiyohiyo "Suzanna" unakumbusha muziki wa zamani kwa gitaa lake na mwendo wake wa pole, nami naupenda. Ila unakumbusha sura ya zamani kuliko mifupa yake.

Haya hayakuwapata wao peke yao. Wasomaji wa rika langu watawakumbuka Boyz II Men wa Philadelphia, ambao kanda zao zilichakaa katika redio zetu miaka ya 1990. Hao waliuchukua wimbo wa The Five Satins mwaka 1992 na kuuimba bila ala, wakiwaonyesha vijana wa wakati ule kwamba mambo ya babu zao hayajafa. Mwaka huohuo "End of the Road" ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 13. Siri yao mojawapo ilikuwa Michael McCary, mwenye sauti nzito, ambaye katikati ya wimbo huo huacha kuimba na kuanza kusema. Mwaka 2003 McCary aliondoka kwa sababu za kiafya, na kundi likaendelea likiwa na watatu. Wanaimba vizuri hadi leo. Lakini kiti cha chini kilibaki wazi, na aliyekalia si mtu. Anayezijua rekodi za kwanza husikia tofauti, hata asipoweza kuitaja.

Mjini kwetu Arusha palipatikana jibu jingine, ambalo halikutajwa vya kutosha. X Plastaz, kundi la hip hop lililoanzishwa mwaka 1996, lilimweka Yamat Ole Meipuko na uimbaji wake wa Kimaasai katikati ya mashairi ya kufokafoka, na mwaka 2004 albamu yao "Maasai Hip Hop" ilitolewa Ulaya. Si kundi la sauti zilizooana kama Sauti Sol, na mashine ya ngoma imo. Ila sauti ya Kimaasai mle haikubembelezwa ili ifanane na sauti za wenzake. Inaingia na ukali wake, na mdundo ndio unaolazimika kuisogelea. Huko ndiko kuchanganya ninakokuelewa: kila kilichoingia chunguni kinaonja bado kama kilivyo.

Sasa nifikie lile nililoliahidi. Ipo kwaya moja, sitaitaja, ambayo naifahamu kwa karibu. Ilikuwa na watu saba wa sauti ya nne: fundi seremala, mwalimu, madereva wawili, mlinzi wa usiku, mkulima wa migomba na mfanyabiashara wa mitumba. Ikanunua kinanda cha umeme, na hilo halikuwa kosa. Kisha ikaenda kurekodi. Fundi wa studio, kijana mwenye bidii, akawaambia kwamba besi ya kinanda ni safi kuliko ya midomo na haitaki kurudiwa mara sita. Wakakubali. Rekodi ikatoka, ikapendwa. Jumapili zilizofuata watu wakataka kanisani wasikie kama walivyosikia kwenye rekodi, basi kinanda kikaendelea kupiga besi, na wale saba wakaambiwa waimbe pamoja na sauti ya tatu. Hakuna aliyefukuzwa. Mlinzi alikuwa wa kwanza kuacha kuja mazoezini. Alisema ana usingizi. Akafuata dereva. Mwaka haukwisha wakawa wamebaki wawili.

Nilipomwuliza mwenyekiti alinijibu kwa upole, "Mzee wangu, kwani muziki umeharibika?" Sikuweza kusema umeharibika. Nilichoweza kusema ni kwamba watu watano wazima, ambao kwa juma zima hakuna anayewauliza chochote, walikuwa na saa mbili za jioni ambapo watu arobaini wasingeweza kwenda mbele bila wao. Saa hizo sasa hawana. Kinanda kinafanya kazi yao vizuri, lakini kinanda hakikuwa kikihitaji kuhitajiwa.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba hili ni suala la ladha tu. Mtu wa sauti ya nne hujifunza mambo ambayo hayafundishwi kwa maneno. Hujifunza kusikiliza kabla ya kutoa sauti, kwa kuwa akitangulia amewaangusha wote. Hujifunza kurudia jambo moja mara sitini bila kuchoka wala kutaka kulipamba. Hujifunza kwamba kazi yake ikifanywa vizuri atasifiwa mwingine, na anaikubali kwa kuwa anajua, na wenzake watatu wanajua. Sijaona shule nyingine inayomfundisha haya kijana wa kiume wa mjini kwa furaha kiasi kile. Na ni shule isiyo na ada. Vijana wetu wanaokaa vibarazani jioni wakiimba juu ya mdundo unaotoka kwenye simu wanaamini kwamba bila fedha za studio hawana muziki. Hakuna aliyewaambia kwamba wakiwa wanne, bendi nzima tayari imo vifuani mwao.

Mwezi Mei 2023 Sauti Sol walitangaza kwamba wanapumzika kama kundi, na Novemba mwaka huo waliagana na mashabiki wao jijini Nairobi. Kila mmoja amekwenda na kazi yake. Tayari zimetoka albamu za mtu mmojammoja, na baadhi ni nzuri. Ni haki yao baada ya miaka kumi na minane. Nami nimeona jambo katika kutawanyika huko. Mwenye sauti ya mbele anaweza kuondoka na wimbo wake begani. Mpiga gitaa naye anaweza. Lakini hakuna albamu ya mtu mmoja ya sauti ya nne, wala haitakuwapo. Sauti ile ikiachwa peke yake si muziki bado. Ni mtu anayenguruma chumbani. Inahitaji wengine ili iwe kitu, kama ambavyo wengine wanaihitaji ili wasielee hewani.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kundi hili ni hii. Waliimba vizuri kuliko wote wa kizazi chao, na walipoziamini koo zao walifika mahali ambapo mashine haiwezi kumfikisha mtu. Walipoiachia mashine ghorofa ya chini walipata nyumba kubwa zaidi na wageni wengi zaidi, ila sakafu haikuwa yao tena. Anayetaka kuwafahamu asianzie kwenye nyimbo zilizovuma. Aitafute "Mwanzo", kisha "Kuliko Jana" ile isiyo na ala, azime taa, na mara ya kwanza asimsikilize kabisa anayeimba maneno. Amsikilize aliye chini. Na kama msomaji huyo ana kwaya mtaani kwake, basi Jumapili ijayo aende nyuma baada ya ibada, awatafute wale wawili waliobaki, awape mkono.